Redio ya dijitali, DAB na wenzake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeyakusanya hapa kwa sababu nimechoka kuandika majibu yaleyale kwenye magrupu ya WhatsApp. Leo mtu yuko Birmingham kanunua redio mpya haishiki kitu, kesho jamaa wa Mombasa kashusha gari la Uingereza bandarini anaona DAB (Digital Audio Broadcasting, aina ya redio ya dijitali ya hewani) kwenye skrini na anataka kujua ailipie wapi. Tafuta swali lako, mengine ruka.

Kwani redio ya dijitali ni ipi? Mbona hata yangu ina namba za kijani kwenye kioo?

Hizo namba ni urembo tu mkuu. Redio yako inaonyesha masafa kwa tarakimu badala ya ule mshale unaotembea kwenye mstari, lakini kinachoingia kwenye antena ni FM ileile ya siku zote, wimbi linaloyumba kufuata sauti ya mtangazaji. Redio ya dijitali tunayoiongelea hapa ni ile ambayo sauti inageuzwa kuwa namba hukohuko studio, inabanwa iwe ndogo, inarushwa hewani ikiwa bado ni namba, alafu redio yako ndo inairudisha kuwa sauti. Ziko za aina kadhaa: DAB na DAB+ ambazo ndo zimetawala Ulaya na Australia, DRM ambayo India wameikumbatia, HD Radio ya Marekani, na zile za setilaiti. Kusikiliza kwa intaneti nako ni dijitali lakini naiweka pembeni, sababu iko huko chini.

Haya, hiyo DAB inafanyaje kazi?

Kwenye FM kila stesheni ina masafa yake na transmita yake. Kwenye DAB stesheni zinakusanywa kwanza, kumi, ishirini, zinafungwa pamoja kwenye mkondo mmoja wa data unaoitwa maltipleksi, na huo mkondo ndo unapanda mnarani. Fikiria nyumba ya kupanga ya uswahilini, geti moja, korido moja, vyumba kulia na kushoto, na mwenye nyumba mmoja anayekusanya kodi. Stesheni ni mpangaji. Akilipa vizuri anapata chumba kikubwa, akiwa hana anajibana kwenye kile cha kitanda na jiko la mchina.

Nyumba yenyewe ina upana wa megahezi 1.536 na iko mahali fulani kati ya megahezi 174 na 240, eneo ambalo zamani lilikuwa la televisheni za VHF. Humo ndani hakuna wimbi moja kubwa, kuna vijiwimbi 1,536 vimepangwa sambamba, kimoja na mwenzake vimeachana kilohezi moja, na kila kimoja kinabeba biti zake, yaani vipande vidogo vya data, taratibu sana, haraka hakina. Huo upole ndo ujanja wote wa DAB na inabidi nieleze vizuri hapa.

Mjini wimbi likitoka mnarani linakufikia moja kwa moja, alafu linakufikia tena baada ya kugonga ghorofa, alafu tena baada ya kugonga kilima, kila safari limechelewa kidogo. Kwenye FM ya gari ndo ile mikwaruzo unayoisikia umesimama kwenye mataa, ukisogea mita moja sauti inarudi. Sasa kijiwimbi cha DAB kwa kuwa hakina haraka kinaweza kuacha upenyo wa maikrosekunde 246 kabla ya kuleta kinachofuata, na mwangwi wowote utakaofika ndani ya upenyo huo haudhuru kitu. Wimbi la redio linasafiri mita 300 kwa maikrosekunde moja, zidisha mwenyewe, ni kama kilomita 74. Kwa hiyo hata mnara mwingine wa jirani ukirusha kitu kilekile kwenye masafa yaleyale kwa wakati uleule, redio yako inaona ni mwangwi tu, tena inautumia kujiongezea nguvu. FM ukifanya hivyo unapata fujo. Ndo maana BBC wanatumia megahezi 225.648 Uingereza nzima, unatoka London unafika Glasgow hujagusa kitufe, wakati kwenye FM stesheni moja ya taifa inakula masafa kibao kwa sababu minara jirani hairuhusiwi kufanana.

Kwa hiyo sauti yake ni kali kuliko FM?

Inategemea, na wauza redio hawapendi kukwambia hivyo.

Ile nyumba ina nafasi maalum haiongezeki. Kwa mpangilio wa kawaida wa kujikinga na makosa unapata kama kilobiti 1,152 kwa sekunde, basi, wote mgawane hizo. DAB ya mwanzo ilitumia kodeki (njia ya kubana sauti) ya MP2, ambayo ni kaka mkubwa wa MP3, na MP2 inahitaji biti nyingi ili isikike vizuri. Radio 3 ya BBC, ya muziki wa klasiki, walipewa kilobiti 192 na kweli ni tamu. Stesheni nyingine zikapewa 128, hapo mwenye sikio anaanza kusikia matoazi yanachuruzika. Redio za biashara zikaona kodi ni kubwa, zikashuka mpaka 80, na kwa 80 huwezi kuweka stirio ikaeleweka kwa hiyo wakaweka mono. Mono! Kwenye kitu kilichopigiwa debe miaka yote kwamba kina sauti ya CD. FM nzuri yenye antena juu ya paa inaipiga hiyo asubuhi na mapema.

Msimamo wangu ni kwamba dijitali inaondoa mikwaruzo, haiongezi uzuri. Uzuri uko mkononi mwa anayegawa biti, na yeye kila siku ana sababu ya kupunguza ili aingize mpangaji mwingine. Watu wanabishana sana kuhusu teknolojia ilhali swali ni moja tu, mwenye nyumba ni nani na anatoza shilingi ngapi.

Kitu kingine, namna inavyokufa. FM ikiishiwa nguvu inafifia pole pole na bado unasikia habari katikati ya mikwaruzo. DAB iko safi, iko safi, iko safi, alafu ghafla inaanza kubwabwaja na kukatakata, hatua mbili mbele ni kimya. Hakuna kati.

DAB na DAB+ ni kitu kimoja?

Nyumba ni ileile, wapangaji wamejifunza kukunja nguo vizuri. DAB+ ilikuja mwaka 2007 ikiwa na kodeki ya HE-AAC, ambayo kwa kilobiti 64 inakupa kitu cha kueleweka na kwa 32 maneno matupu bado yanasikika. Gawanya 1,152 kwa 128 unapata stesheni 9, gawanya kwa 64 unapata 18, gawanya kwa 32 unapata 36. Unaona kwa nini wenye mitambo waliipenda.

Tatizo ni kwamba redio ya DAB ya zamani haisomi DAB+. Uingereza waliwahi mno, BBC walianza kurusha Septemba 1995 na maltipleksi ya kwanza ya biashara ya taifa ikaja Novemba 1999, kwa hiyo wakajaza majiko ya watu redio za zamani na mpaka leo wanarusha mchanganyiko wa zote mbili. Wajerumani walikwama na ile ya kwanza wakaanza upya na DAB+ mwaka 2011. Wewe unayenunua redio ya mtumba kwenye duka la hisani angalia kama ina alama ya kujumlisha baada ya DAB, kama haina utaisikia BBC vizuri, ila stesheni nyingi za biashara hutaziona hata majina.

Redio ndogo ya jamii inaweza kuingia humo au ni ya matajiri?

Miaka mingi ilikuwa ya matajiri na hili ndo eneo ninalolipenda kwenye habari yote ya DAB.

Maltipleksi za mwanzo zilifunika nchi nzima au mkoa mzima. Redio ya kitongoji kimoja yenye wasikilizaji wa mtaani inaambiwa ilipie mkoa mzima, wakati kwenye FM ilikuwa na transmita yake ndogo ya wati chache juu ya ghorofa na maisha yanaendelea. Kwa hiyo wakubwa wakahamia dijitali na wadogo wakabaki FM wakitazama.

Akatokea injinia wa Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano Uingereza, anaitwa Rashid Mustapha. Aligundua kwamba zile mashine za bei mbaya zinazofunga stesheni pamoja na kutengeneza wimbi zinaweza kubadilishwa na programu huria inayokaa kwenye kompyuta ya kawaida, programu ambazo mizizi yake ni kituo cha utafiti wa mawasiliano cha Kanada. Mwaka 2012 akajaribu Brighton, ikakubali. Mwaka 2015 Ofcom wakafungua majaribio kwenye maeneo kumi, bunge likapitisha sheria yake 2017, na saivi hizo maltipleksi ndogondogo zipo miji mingi, redio za jamii zinakaa humo kwa kodi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuichangisha. Zile programu bado zipo na ni bure, ODR-DabMux ya kufunga, ODR-DabMod ya kutengeneza wimbi, ukiwa na kompyuta na kifaa cha kurushia cha mia mbili mia tatu dola unaweza kuwa na DAB mezani kwako. Mezani nimesema, na antena usiweke, ukirusha bila leseni watakuja.

Norway walizima FM kweli?

Ndiyo na hapana. Walianza kuzima tarehe 11 Januari 2017, saa tano na dakika 11 asubuhi, mkoa wa Nordland kaskazini, wakashuka kusini mkoa kwa mkoa na kumalizia kule juu kabisa Troms na Finnmark tarehe 13 Desemba mwaka huohuo. Ila zilizozimwa ni za taifa. Redio ndogo za mitaani ziliruhusiwa kubaki FM.

Sababu yao ilikuwa pesa na milima. Nchi ndefu, mabonde ya bahari yameingia ndani, watu wachache wametawanyika, kila bonde linataka kimnara chake. Serikali ilisema gharama ya kurusha stesheni moja ya taifa kwa FM ni mara nane ya DAB, na FM nafasi ilikuwa ya stesheni 5 tu za taifa wakati kwenye DAB wakati huo zilikuwa tayari 22. Kwa hesabu hizo hata mimi ningezima. Wananchi walilalamika sana na lawama kubwa ilikuwa magari, maana nyumbani unanunua redio mpya yakaisha, gari lako la zamani unalifanyaje, unabandika kiadapta kioo cha mbele chenye waya unaning'inia.

Uswisi, shirika la utangazaji la umma lilizima FM yake tarehe 31 Desemba 2024 huku redio binafsi zikiendelea kubaki FM, na kilichotokea ni kwamba lilipoteza wasikilizaji. Ukizima peke yako mtu habadilishi redio, anabadilisha stesheni.

Huku kwetu tutalazimishwa kama ilivyokuwa ving'amuzi?

Hili ndo linaulizwa kuliko yote, na hofu inaeleweka, watu wanakumbuka Dar es Salaam ilivyozimwa analojia tarehe 31 Desemba 2012 na Kenya mwaka 2015, televisheni nzima iko ukutani haionyeshi kitu mpaka ununue boksi.

Redio ni kesi tofauti. Kwenye televisheni kulikuwa na mtu anasubiri hayo masafa, kampuni za simu, na pesa zilikuwepo. Pia kulikuwa na mkataba wa kimataifa uliofungwa Geneva 2006 unaosema mwisho wa kulinda analojia ni tarehe 17 Juni 2015. Masafa ya FM, megahezi 87.5 mpaka 108, kampuni ya simu haiyataki hata bure, antena yake ni ndefu mno kwa simu na nafasi yenyewe ni finyu. Hakuna anayesukuma na hakuna tarehe. Ule mkataba wa Geneva ulipanga masafa ya DAB pia, kwa nchi zetu vilevile, kwa hiyo mlango upo, haujafungwa na komeo, ni kwamba hakuna mwenye haraka ya kuingia.

Alafu angalia redio zetu ziko wapi. Ziko kwenye kitochi. Bodaboda kaning'iniza shingoni, mama lishe kaweka juu ya ndoo, mlinzi anakesha nayo, simu ya bei ya chini ina chipu ya FM na nyingine hata waya wa masikioni hazihitaji. DAB kwenye simu ilishajaribiwa, LG walitoa Stylus 2 mwaka 2016 ikiwa simu janja ya kwanza yenye DAB+, na haikwenda popote. Siku DAB itakapoingia kwenye simu ya elfu thelathini ndo tutaongea vizuri.

Ambako inaweza kuleta maana mapema ni miji mikubwa ambako FM imejaa mpaka stesheni zinakanyagana. Afrika Kusini wamekuwa wakijaribu DAB+ maeneo ya Johannesburg na Pretoria tangu 2014. Na kwa taarifa yako ukiwa na king'amuzi nyumbani jaribu kutafuta orodha ya chaneli za redio, vingi vinazo, hiyo nayo ni redio ya dijitali unayo tayari hujui.

Gari langu limetoka Uingereza, skrini inasema DAB lakini haipati kitu. Mbovu?

Nzima kabisa. Inatafuta kitu ambacho Mombasa hakirushwi. Gusa sehemu ya kubadili chanzo weka FM na usahau, hakuna cha kulipia.

Wenye magari ya Japani nao wanauliza hapahapa, mbona redio inaishia 90. Hiyo sio DAB, ni FM ya Kijapani, wao masafa yao yanaanzia megahezi 76 na redio nyingi za zamani zinaishia 90, wakati zetu zimejaa mpaka 108. Fundi anakuwekea kile kiboksi cha kwenye waya wa antena kinachosogeza masafa chini, kikisogeza kwa 20 basi stesheni ya 100.0 utaikuta kwenye 80.0. Alafu kile kitufe cha televisheni kwenye redio za Kijapani kinatafuta mfumo wao wa ISDB-T, kwetu hakuna.

Ukinunua gari jipya Ulaya jua kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya tangu tarehe 21 Desemba 2020 inataka redio ya gari jipya iwe na uwezo wa dijitali ya hewani, kwa hiyo miaka inavyokwenda bandarini hizi DAB zisizo na kazi zitazidi kuongezeka.

Kwa nini nihangaike, si nasikiliza tu kwa intaneti?

Sikiliza, nani kakukataza. Ila piga hesabu ya bando. Mkondo wa kilobiti 64 kwa saa moja unakula megabaiti 28.8. Saa tatu kwa siku, mwezi mzima, ni kama gigabaiti 2.6. Ukiwa na wai-fai ya bure hujali, ukiwa unajiunga bando la siku utajali.

Tofauti ya msingi ni kwamba kwa intaneti kila msikilizaji anaongeza mzigo, seva inamhudumia mmoja mmoja. Hewani mtambo haujui wala haujali kama wanasikiliza watu kumi au milioni kumi, gharama ni ileile ya umeme. Mafuriko yakija mtandao wa simu unazidiwa kwanza kwa sababu kila mtu anapiga simu saa hiyohiyo, mnara wa redio wenye jenereta unaendelea. Ndo maana hiyo nimeitenga, inaitwa redio lakini kitabia ni simu.

Wanaweza kujua nasikiliza nini? Kuna leseni ya kulipia?

DAB ni njia moja, redio yako inapokea tu, hairudishi chochote. Kuhusu leseni, Uingereza walifuta leseni ya redio tarehe 1 Februari 1971. Leseni ya televisheni ipo, ya redio hakuna, akija mtu mlangoni anadai ya redio mfungie mlango.

DRM ni nini tena?

Hii ingenifaa mimi nikiwa waziri, maana imelenga nchi kubwa. DAB inafunga stesheni nyingi na inafika umbali wa kawaida, DRM inaweza kukaa kwenye masafa ya kati na mawimbi mafupi, kwenye kinafasi kilekile cha kilohezi 9 au 10 ambacho stesheni ya AM ilikuwa inakikalia, na mnara mmoja wa masafa ya kati unafunika mikoa. Biti ni chache, kilobiti ishirini na ushee hivi kwa sekunde, lakini kodeki yao ya xHE-AAC inazitumia vizuri mno, ukizoea AM yenye mikwaruzo na kuingiliana usiku hutaamini ni masafa yaleyale. Umeme pia unapungua. Ina toleo la VHF, masafa ya juu kama ya FM, linalotumia kilohezi 96 tu, ambalo redio moja ndogo inaweza kulimiliki yenyewe bila mwenye nyumba, na kwa maoni yangu hiyo ndo ingekuwa sahihi kwa redio zetu za wilaya.

Kundi lake liliundwa 1998 na matangazo rasmi yakaanza Juni 2003 Geneva. India, All India Radio wameweka mitambo zaidi ya 30 ya masafa ya kati na magari mengi mapya kule yanatoka kiwandani nayo. Ina pia kitu cha tahadhari, mtangazaji akituma onyo la kimbunga redio zilizo kwenye stesheni nyingine zinaamrishwa zihamie kwenye onyo. Tatizo lake ni moja na ni la miaka, redio za mkononi ni chache na bei imesimama, kwa hiyo hakuna anayenunua kwa sababu hakuna matangazo na hakuna anayerusha kwa sababu hakuna wanaonunua.

Na Marekani?

Wao hawakutaka nyumba ya kupanga, kila mwenye stesheni akae kwake. HD Radio, iliyoidhinishwa 2002, inabandika dijitali pembeni mwa FM ileile, kushoto na kulia, redio ya zamani inaendelea kusikia ya katikati na mpya inasikia za pembeni. Ukiwasha unasikia FM kwanza, sekunde chache baadaye inaruka kwenye dijitali, na stesheni isiyopanga muda wake vizuri utasikia neno linajirudia pale inaporuka. Stesheni inaweza kuongeza chaneli ya pili na ya tatu humohumo. Ndugu zetu walioko Minneapolis wenye Sirius XM kwenye gari, hiyo ni setilaiti ya kulipia, kitu kingine.

Nakumbuka kulikuwa na redio ya setilaiti Afrika, iliishia wapi?

WorldSpace. Mwanzilishi wake Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, alirusha setilaiti ya AfriStar tarehe 28 Oktoba 1998, na ikawa inamwaga redio ya dijitali Afrika nzima kabla Wamarekani hawajawa na hiyo ya kwao. Redio yake ilikuwa na kiantena bapa unakichomoa, unakiweka dirishani unakigeuzageuza mpaka kikaona angani, ukipitisha mti mbele yake sauti imekwenda. Waliokuwa nayo waliisifu. Ila bei ya redio ilikuwa juu ya uwezo wa mtu aliyelengwa, baadaye wakaanza kutoza ada ya mwezi, na Oktoba 2008 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Zile redio ziko kwenye makabati ya watu mpaka leo, spika zake nzuri, fundi mjanja anazitoa.

Kwa nini jirani mwenye FM anashangilia goli kabla yangu?

Dijitali inachelewa. Kubana sauti kunataka muda, kufunga maltipleksi kunataka muda, alafu DAB inachanganya biti makusudi kwa muda kidogo ili tobo dogo la mawimbi lisiharibu neno zima, jumla ni sekunde kadhaa. Ile milio sita ya kutangaza saa ya BBC, iliyoanza 1924, ukiisikia kwenye DAB saa imeshapita. Uwanjani ndo vituko, mchezaji kafunga mbele ya macho yako na mtangazaji sikioni bado anasema anaingia kwenye boksi. Ukienda uwanjani beba FM.

Inamaliza betri haraka.

Kweli. Kufungua vijiwimbi 1,536 ni kazi ya kompyuta ndogo. Za kisasa zimepunguza lakini FM bado inakula kidogo zaidi. Nyumbani chomeka ukutani.

Antena nivute yote au nusu?

Masafa yake wimbi moja lina kama mita 1.33, robo yake ni sentimita 33, kwa hiyo vuta futi moja na kidogo, isimame wima, sio kulala, maana wimbi la DAB linarushwa wima. Watu wanavuta antena yote mita nzima wanailaza nyuma ya friji alafu wanalaumu redio. Isogeze dirishani, iondoe karibu na chaja za simu na taa za LED za bei rahisi, hizo zinapiga kelele nyingi kwenye masafa hayahaya.

Stesheni ipo kwenye orodha lakini ina alama ya kuuliza mbele ya jina.

Redio iliwahi kuisikia na sasa haiisikii. Labda umehama nyumba, labda stesheni imehamia DAB+, labda imefungwa. Simamisha antena kwanza, ndipo uskani upya, sio kinyume chake, maana ukiskani antena ikiwa imekunjwa itafuta hata zilizokuwepo. Kwenye menyu tafuta sehemu ya kufuta zisizopatikana, zile zenye kuuliza zinaondoka zote. Bado haipo, ingia kwenye kutafuta kwa mkono, chagua 12B (ndo ile 225.648 ya BBC) kama uko Uingereza, utaona kamstari ka nguvu kanapanda na kushuka, tembea na redio chumbani taratibu mpaka kapande, ukipata pembe inayokubali bandika hapo na umwambie kila mtu asiisogeze.